Handel, Fundi wa Kinanda

Kwaya nyingi za Ungoni na Umatengo haziioni Pasaka kuwa imetimia mpaka ziimbe ile Haleluya ya Handel. Watu wa besi wanajua mahali pa kuingia hata ukiwaamsha usiku wa manane, na watu wa soprano wanajua jinsi ya kupanda ngazi ile ya mwisho bila kupasua sauti. Lakini ukimwuliza mwanakwaya Handel alikuwa nani, mmoja atakuambia alikuwa padre, wa pili atakuambia alikuwa Mwingereza, na wa tatu atasema Handel ni jina la wimbo.

Padre hakuwa. Uingereza alihamia akiwa mtu mzima. Kazi iliyompa mkate kwa zaidi ya miaka 50 ilikuwa kupiga kinanda na kuongoza waimbaji na wapiga vyombo. Kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazee waliokwisha kutoka shuleni pamoja na vijana walio madarasani hivi sasa, nimeona yafaa kueleza maisha ya mtu huyu, mazuri yake na yale mengine ambayo zamani hatukuyajua.

Georg Friedrich Händel, ndivyo jina lake lilivyoandikwa kwao kabla Waingereza hawajaziondoa zile nukta mbili juu ya herufi a, alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani ya mashariki. Mwaka huo huo, mwendo wa siku chache tu toka hapo, alizaliwa Johann Sebastian Bach, na huko Italia akazaliwa Domenico Scarlatti. Wapenzi wa muziki wa zama zile, ambao wataalamu huuita muziki wa Baroki, huutaja mwaka 1685 kama mkulima anavyoutaja mwaka wa mavuno mengi.

Baba yake alikuwa kinyozi na mganga. Msishangae, kwani enzi hizo Ulaya aliyenyoa ndevu ndiye aliyepasua majipu na kuunga mifupa, na mzee huyu aliifanya kazi hiyo kwa sifa hata akaitwa kutibu wakubwa. Alikuwa amepita miaka 60 mtoto alipozaliwa, naye alikwisha kukata shauri kwamba kijana atasoma sheria. Muziki aliuona kuwa kazi ya watu wasio na makao.

Mwandishi wa kwanza wa maisha ya Handel, John Mainwaring, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1760, anasimulia kwamba kinanda kidogo chenye sauti ya chini kiliingizwa darini kwa siri, na mtoto akawa anajifunza watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Anasimulia pia kwamba siku moja mzee alipokwenda kazini kwa Mtawala wa Weissenfels, mtoto alilikimbilia gari la farasi mpaka akachukuliwa. Huko alikaa penye kinanda cha kanisani akapiga, mtawala akasikia, akauliza ni nani yule, kisha akamshauri baba asiizuie karama ya mtoto. Mzee hakuwa na la kusema, maana neno la mtawala halipingwi.

Hapo alipelekwa kwa mwalimu, Friedrich Wilhelm Zachow, mpiga kinanda wa kanisa la sokoni pale Halle. Nasimama kidogo kwa Zachow, kwa sababu walimu husahauliwa upesi. Alimfundisha kijana kinanda, fidla, zumari, na elimu ya kupanga sauti. Tena alimpa kazi ya kunakili kwa mkono tungo za watunzi wa Kijerumani na wa Kiitalia, ukurasa kwa ukurasa. Vijana wa leo wanaopiga picha nota kwa simu wakadhani wameshazijua wangeona kazi hiyo kuwa adhabu. Lakini anayenakili sauti nne kwa mkono analazimika kuona kila sauti inakokwenda, na Handel hadi uzee wake alikuwa akiyakumbuka aliyonakili akiwa mtoto, hata akayatumia katika tungo zake mwenyewe, mara nyingine bila kutaja mwenyewe ni nani!

Baba alifariki mwaka 1697. Mwaka 1702 kijana alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Halle, na mwaka ule ule akaajiriwa kupiga kinanda katika kanisa kuu la Wakalvini, ingawa yeye alikuwa Mlutheri. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Ulipokwisha alifunga mizigo akaenda Hamburg, mji wa bandari uliokuwa na jumba la opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote huimbwa.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja, ama sivyo kisa kinachofuata hakitaeleweka. Siku hizo hapakuwa na kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Aliyeongoza alikaa kwenye hapsikodi, kinanda ambacho ndani yake nyuzi hudonolewa kama za gitaa badala ya kugongwa kama za piano. Mbele yake palikuwa na mstari wa besi tu, na juu ya nota tarakimu chache. Mapatano yote ya sauti aliyajaza mwenyewe papo hapo kwa vidole, huku kwa kichwa na macho akiwaonyesha wengine pa kuingia. Kwa hiyo mwenye kiti cha hapsikodi ndiye aliyekuwa bwana wa jumba zima.

Sasa, Handel alikuwa na rafiki pale Hamburg, Johann Mattheson, mwimbaji na mtunzi, aliyemzidi umri kidogo. Tarehe 5 Desemba 1704 waliigiza opera ya Mattheson juu ya Kleopatra. Mattheson mwenyewe aliimba nafasi ya Antonio, na alipokuwa jukwaani Handel alishika hapsikodi. Antonio hufa kabla ya mchezo kwisha. Mattheson akiisha kufa jukwaani alishuka, akaja kudai kiti chake ili amalizie kuongoza. Handel akakataa kuondoka. Walitoka nje uwanjani wakachomoa panga mbele ya watu, na upanga wa Mattheson ukampiga Handel kifuani, ukavunjika kwenye kifungo cha chuma cha koti lake. Hivyo ndivyo Haleluya ilivyookolewa na kifungo! Baada ya wiki chache walipatana, na Januari 1705 Mattheson aliimba katika opera ya kwanza ya Handel, Almira.

Toka 1706 hadi 1710 alikuwa Italia, ambako opera ilizaliwa. Roma wakati huo opera zilikuwa zimepigwa marufuku na Papa, lakini makardinali walipenda muziki, nao wakampokea Mlutheri huyu majumbani mwao bila kumsumbua sana juu ya dini yake. Mwaka 1707 aliwatungia zaburi ya Masifu ya Jioni, Dixit Dominus, ambayo ni ya 109 kwa hesabu ya Kilatini na ya 110 kwa hesabu nyingine. Alikuwa na miaka 22. Kwaya ikiijaribu leo hupata kazi ya kutosha, kwa maana sauti za watu aliziendesha kama vidole vyake kwenye kinanda, bila kuziachia nafasi ya kuvuta pumzi.

Nyumbani kwa Kardinali Ottoboni walimshindanisha na Scarlatti, yule mwenzake wa mwaka mmoja. Kwenye hapsikodi waamuzi hawakukubaliana nani mshindi. Kwenye kinanda cha mabomba Scarlatti mwenyewe alikiri kwamba ameshindwa, na inasemekana kuwa miaka mingi baadaye, jina la Handel likitajwa, alifanya ishara ya msalaba kwa heshima.

Mwaka 1710 aliajiriwa kuwa mkuu wa muziki wa Mtawala wa Hannover, akaomba ruhusa ya kwenda London kutembea. Huko opera yake Rinaldo, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 1711, iliupindua mji. Alirudi Hannover, akaomba ruhusa tena, na safari hii hakurudi. Mshahara wa mtawala alikuwa amekula, kazi hafanyi. Kisha mwaka 1714 Malkia Anne wa Uingereza alifariki bila mtoto, na kwa sheria ya urithi ufalme ukamwangukia nani? Ukamwangukia huyo huyo Mtawala wa Hannover, akawa Mfalme George wa Kwanza, akahamia London alikokuwa mtumishi wake mtoro. Hakumwadhibu. Tarehe 17 Julai 1717 mfalme alisafiri kwa mashua katika mto Thames, na mashua nyingine ikamfuata ikiwa na wapiga vyombo wapatao 50 wakipiga muziki mpya wa Handel. Mfalme aliupenda, akaagiza upigwe tena na tena.

Sasa nafika mahali ambapo vitabu vya zamani vilipita kimya, kwa kuwa waandishi wake hawakuwa na habari. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Hunter, alitangaza aliyoyaona katika madaftari ya fedha ya London. Mwaka 1720, katika daftari la Kampuni ya Kifalme ya Afrika, imo sahihi ya Handel. Alikuwa na hisa.

Kampuni hiyo ilipewa hati yake na Mfalme wa Uingereza mwaka 1672. Ilijenga na kushika ngome katika pwani ya Afrika ya Magharibi, ikanunua dhahabu, pembe, na watu. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba ilipakia Waafrika wapatao 150,000 kuwapeleka Amerika, na wanasema kuwa katika biashara yote ya watumwa ya bahari ya Atlantiki hakuna chombo kingine kimoja kilichochukua watu wengi kuliko huo. Wengi walipigwa chapa ya moto mwilini kabla ya kupanda melini, kama ng'ombe.

Tena Handel alikuwa na hisa katika Kampuni ya Bahari ya Kusini, ambayo toka mwaka 1713 ilikuwa na mkataba wa kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka katika makoloni ya Hispania. Wako wanaodhani kwamba hisa za Kampuni ya Afrika alizipokea kama malipo ya kazi kutoka kwa tajiri aliyemtumikia miaka ya 1717 na 1718, yaani Duke wa Chandos, aliyekuwa mkubwa katika kampuni hiyo. Huenda. Wako pia wanaosema kwamba kila mwenye fedha London alinunua hisa hizo. Hilo nalo ni kweli, na matajiri wengi waliochangia kampuni ya opera iliyomwajiri Handel ndio hao hao waliochangia biashara ya watu. Lakini mtu hawekewi kalamu mkononi na kusukumwa kiwiko. Sahihi ni yake.

Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa sana maana ya daftari lile. Meli zake hazikufika Kilwa, lakini katika karne ya 19 njia ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi hii, na tusijitoe, wapo wakubwa wa hapa waliouza mateka wao kwa wenye misafara. Niliposoma mara ya kwanza habari ya hisa za Handel nilikuwa ninaifundisha kwaya Haleluya yake kwa ajili ya Pasaka. Wako walioniambia tuuache wimbo. Sikuuacha, na mpaka leo naufundisha. Ila tangu siku ile mwanakwaya mgeni akipokea nota mkononi mwangu, humweleza pia habari ya daftari, kisha tunaanza kupasha sauti. Mwenye maoni mengine asiogope kuyaandika katika gazeti hili.

Turudi kazini kwake. Mwaka 1723 alipanga nyumba katika mtaa wa Brook, London, akakaa humo hadi kufa kwake, miaka 36. Alikuwa mtu mnene, mlaji mzuri, mwenye hasira za haraka na mzaha wa haraka, akichanganya lugha nne katika sentensi moja. Inasimuliwa kwamba mwimbaji maarufu wa Kiitalia, Francesca Cuzzoni, alipokataa kuimba wimbo aliopewa, Handel alimkamata kiunoni na kutishia kumtupa dirishani. Wimbo ukaimbwa. Walimu wa kwaya msiige. Hakuoa. Mwaka 1727 alipata uraia wa Uingereza, na tarehe 11 Oktoba mwaka huo huo aliongoza muziki katika kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili. Utenzi wake juu ya Sadoki kuhani, alioutunga kwa siku hiyo, umeimbwa katika kila kutawazwa kwa wafalme wa Uingereza tangu hapo, pamoja na kule kwa Charles wa Tatu mwaka 2023.

Opera lakini ilikuwa biashara ya hasara. Waimbaji wa Italia walidai mishahara mikubwa mno, na watu wa London walianza kuchoka kusikiliza lugha wasiyoielewa. Kampuni ya kwanza ilikufa mwaka 1728. Akaanzisha nyingine. Wakubwa waliogombana naye wakaanzisha ya kwao mwaka 1733, na makundi mawili yakawa yananyang'anyana wasikilizaji wasiotosha hata kundi moja. Aprili 1737, akiwa na miaka 52, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza, na akili ikawa na ukungu. Kwa mpiga kinanda hayo ni mauti kabla ya mauti.

Alikwenda kuoga katika maji ya moto ya ardhini huko Aachen, Ujerumani. Alikaa majini muda mrefu kuliko wagonjwa wengine, na vidole vikarudi. Inasimuliwa kwamba siku alipojisikia mzima alikwenda moja kwa moja kanisani akapiga kinanda, na watawa wa kike waliomsikia wakadhani ni muujiza.

Kilichomwokoa kazini kilikuwa jambo ambalo tayari alikuwa amelianza pole pole. Katika Kwaresima maonyesho ya opera hayakuruhusiwa. Basi alichukua visa vya Biblia, akavitungia muziki kwa lugha ya Kiingereza, bila mavazi wala kuigiza. Utungo wa namna hiyo unaitwa oratorio. Ulihitaji waimbaji wachache wa bei kubwa na kazi kubwa kwa kwaya. Na katika nafasi kati ya sehemu moja na nyingine, Handel mwenyewe, toka mwaka 1735, alikaa kwenye kinanda cha mabomba akapiga tungo mpya za kinanda pamoja na wapiga vyombo. Watu wengi walilipa kiingilio ili wamwone yeye akipiga.

Kiangazi cha mwaka 1741, alipokuwa akiona kwamba London imemchoka, alipokea maneno ya Biblia yaliyopangwa na Mwingereza tajiri, Charles Jennens. Alianza kutunga tarehe 22 Agosti, akamaliza tarehe 14 Septemba. Ni siku 24. Huo ndio utungo uitwao Masiya, na Haleluya yetu ndiyo inayofunga sehemu yake ya pili. Wengi huimba ukurasa ule mmoja bila kujua kwamba kabla yake na baada yake kuna muziki wa zaidi ya saa mbili.

Alikwenda nao Dublin, Ireland. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 13 Aprili 1742, saa 6 mchana, katika ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble. Ili watu wengi zaidi waenee, matangazo yaliwaomba mabibi wasivae magauni yenye matao, na mabwana waache panga zao nyumbani. Walienea watu wapatao 700. Waimbaji wa kwaya walitoka katika makanisa makuu mawili ya mji, wanaume na wavulana. Handel aliongoza toka kwenye kinanda. Zilipatikana pauni 400 hivi, zikagawanywa mafungu matatu, mawili kwa hospitali mbili za maskini, na moja kuwalipia wafungwa wa madeni. Enzi hizo aliyeshindwa kulipa deni alifungwa mpaka alipe, na akiwa gerezani atalipa na nini? Kwa fedha za siku ile wadaiwa 142 walitoka gerezani. Ni mkono ule ule ulioweka sahihi katika daftari la mwaka 1720.

London hawakuupokea vizuri mwaka uliofuata. Walinung'unika kwamba maneno matakatifu yanaimbwa katika jumba la michezo na watu wa michezo. Habari kwamba Mfalme George wa Pili alisimama aliposikia Haleluya, na kwamba ndiyo maana watu husimama hadi leo, inasimuliwa sana, lakini hakuna aliyeiandika wakati ule. Simameni mkipenda.

Kilichougeuza Masiya kuwa wimbo wa watu wote ni watoto waliotupwa. Nahodha mstaafu, Thomas Coram, kwa kuumizwa na vichanga alivyoviona vimeachwa njiani London, alihangaika miaka 17 mpaka akapata kibali cha mfalme mwaka 1739 cha kujenga nyumba ya kuwalea. Handel aliwapa kinanda cha mabomba kwa kanisa lao, na tarehe 1 Mei 1750 akauongoza Masiya humo kwa ajili yao. Watu waligombania milango, wengine wakarudishwa, ikabidi urudiwe wiki mbili baadaye. Toka hapo uliimbwa kila mwaka, na hadi kufa kwake nyumba ile ilikuwa imepata zaidi ya pauni 6,000.

Hesabu za onyesho la mwaka 1754 zimehifadhiwa, nazo zitawafurahisha walimu wa kwaya wanaolalamika kwamba wana watu wachache. Wapiga vyombo hawakufika 40. Wanakwaya walikuwa kama 20 tu, na soprano ziliimbwa na wavulana 6. Handel hakuwahi kusikia Haleluya yake ikiimbwa na mamia ya watu. Mtindo huo ulianza baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kwaya ya shule yenye vijana 24 wanaojua nota zao iko karibu naye kuliko umati wa 300 wanaofuata jirani.

Februari 1751, akitunga oratorio ya Yeftha, alisimama katikati ya ukurasa. Aliandika pembeni kwa Kijerumani, lugha ya mama yake, kwamba ameshindwa kuendelea kwa sababu ya jicho la kushoto. Alimalizia kazi kwa taabu miezi michache baadaye. Madaktari walimpasua macho. Mmoja wao, John Taylor, alikuwa yule yule aliyempasua Bach mwaka 1750, na Bach alikufa katika miezi iliyofuata. Mwaka 1753 Handel alikuwa kipofu kabisa.

Mtu mwingine angelikaa nyumbani. Yeye aliongozwa kwa mkono hadi kwenye kinanda, akageuzwa kuwaelekea watu, akainama, akaketi. Mwanzoni alipiga tungo zake za zamani kwa kukumbuka. Baadaye aliwapa wenzake nota za sehemu zao tu. Palipokuwa zamu ya kinanda peke yake alibuni papo hapo, na wapiga vyombo wote wakakaa kimya wakimngoja, mpaka aliposhusha mkono kwa namna waliyoijua, wakaingia. Hivyo ndivyo alivyokuwa amefanya Hamburg akiwa kijana wa miaka 19, akijaza mapatano kwa vidole, na sasa hata ule mstari wa besi hakuuona.

Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Masiya kwa mara ya mwisho katika jumba la Covent Garden. Alirudi nyumbani akilala kitandani. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Aprili, Jumamosi Kuu, akiwa na miaka 74. Inasemekana alitamani kufa Ijumaa Kuu, akachelewa saa chache. Walimzika katika Abasia ya Westminster mbele ya watu wapatao 3,000. Alikuwa tajiri. Katika wasia wake aliwaachia pauni 1,000 wanamuziki waliozeeka bila kitu, aliwakumbuka watumishi wake na jamaa zake wa Ujerumani, na nyumba ya watoto waliotupwa akaipa nakala safi ya Masiya pamoja na nota za kila sauti, ili wasihitaji kumwomba mtu.

Nyumba yake ya mtaa wa Brook ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2001. Vijana watapenda kujua kwamba nyumba ya pili yake, ukuta kwa ukuta, alipanga Jimi Hendrix, Mmarekani Mweusi mpiga gitaa la umeme, miaka ya 1968 na 1969. Alipoambiwa jirani yake wa zamani alikuwa nani, alikwenda dukani kununua sahani za muziki wa Handel, na Masiya ulikuwa mmoja wao.